Malita Wawili Kwenye Orodha Moja

Mbeya, nyumbani kwa Asegelile
Jumapili, baada ya kanisa

Kamwene, mwanangu Malita.

Salumu dereva anaondoka kesho asubuhi na lori la mahindi. Amesema barua hii itakuwa Iringa keshokutwa na itapanda Kilolo Jumatano. Kwa hiyo ukiisoma utakuwa umebakiwa na usiku mmoja tu nyumbani. Mambo ya blanketi, sabuni na sanduku sitayagusa. Hayo ni ya mama yako, naye anayajua kuliko mimi ambaye kwa miaka tisa nimekuwa mgeni wa mwezi mmoja kwa mwaka ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Msomee barua yote. Nasema yote, hata pale utakapotamani kuruka.

Nimeanza kuandika mara tatu. Mara ya kwanza nilianza na mawaidha. Nilipoyasoma nikaona ni maneno ya mchungaji wa leo asubuhi, si yangu. Mara ya pili nilianza na habari za chuo chako, nikakwama, kwa sababu chuo chenyewe sikielewi. Sasa naanza na makosa yangu. Hayo nayajua vizuri, labda yatanivuta mpaka mwisho wa karatasi.

Kosa la kwanza unalifahamu. Ni ile barua yangu ya mwezi wa nane, mwaka jana. Uliniandikia kwamba shule ya misheni iliyokupa nafasi inafungwa, kwamba walimu na madawati watahamishwa, na kwamba itaunganishwa na shule nyingine mbili ziwe chuo kimoja cha ualimu cha jimbo zima. Nikakujibu kwa ukali. Nikakuambia shule haifungwi kama duka la Mhindi. Nikakuuliza ni nani aliyekufundisha kumdanganya baba yako ili usiende kusoma. Mama yako alinitumia salamu kwamba siku mbili hukula vizuri.

Nikuambie kwa nini sikukuamini. Nilipokuwa na miaka kama kumi na miwili nilimaliza darasa la pili kwenye shule ya nyasi pale kwetu, na mwalimu akasema niende shule kubwa, upande wa Kalenga. Baba yangu alinisindikiza kwa miguu siku mbili, akanikabidhi, akarudi. Nilikaa wiki tatu. Watoto wa pale walikijua Kiswahili. Mimi nilikuwa nakipapasa, neno moja la Kiswahili, mawili ya Kihehe, na kila nikifungua mdomo darasa linacheka. Siku moja mwalimu alinisimamisha nisome. Nikasoma. Wakacheka, na mwalimu naye akacheka kidogo, halafu akajizuia. Kule kujizuia kwake ndiko kulikoniuma. Nikaondoka siku ile ile.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa anapalilia. Akaniuliza, "Mbona umerudi?"

Nikamwambia, "Shule imefungwa."

Hakuuliza neno jingine. Aliniamini. Tena alinisikitikia, na kila mgeni aliyepita kunywa ulanzi kwetu alielezwa jinsi Wazungu walivyomfungia mwanawe shule. Alikufa akiamini hivyo. Mimi nikashika jembe, baadaye nikashika sururu, na mpaka leo ninashika sururu. Basi uliponiandikia kwamba shule inafungwa, sikukusikia wewe. Nilimsikia mtoto yule, nikamjibu yeye. Nisamehe, mama.

Niligundua kwamba ulisema kweli kwa macho yangu mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja mnyapara alitupeleka Nyololo, kundi letu lote, tutengeneze barabara ya kuingilia chuoni kutoka barabara kuu. Sikukuandikia, niliona aibu. Kwa hiyo utakapoingia lango lile ujue kwamba kokoto utakazokanyaga mkono wa kulia tumezivunja mimi na Asegelile, mwenye nyumba hii ninayokaa. Za kushoto zimevunjwa na Wakinga, nao waliharakisha, utaziona ni kubwa kubwa.

Tulikaa pale wiki tatu kwenye baridi na ukungu, na kila siku lori lilishusha kitu. Madawati yalikuja ya rangi tatu. Wapishi walikuja watatu, na wa kutoka Mbeya akawa hasemi na wa kutoka Iringa. Halafu zikaja kengele. Kila shule ilileta kengele yake, Malita. Misheni yenu ilileta ile ya shaba. Shule ya serikali ya Mbeya ilileta rimu ya gurudumu la lori. Ile ya tatu, ya ushonaji, kutoka Njombe, ilileta kengele ndogo ya mkononi. Walimu walisimama kwenye majani wakapeana heshima muda mrefu, kila mmoja akisema ya mwenzake ndiyo itumike, na hakuna aliyetaka kuiondoa ya kwake. Mwishowe zote tatu ziliwekwa pamoja ukutani mwa jiko. Asegelile aliniambia kwa chini, "Hapa watoto wataamshwa mara tatu wapate uji mara moja."

Kulikuwa na mwalimu mzee aliyekuja kutuangalia tukifanya kazi. Nikamuuliza, "Mwalimu, shule tatu zikiwa moja, zile mbili zinakwenda wapi?"

Akafikiri. Akasema, "Hata sisi tumeuliza."

Jibu hilo nimekaa nalo mpaka leo. Nilidhani wenye kusoma wanajua.

Sasa nafika kwenye lile kosa ambalo hulijui.

Siku ya mwisho pale Nyololo karani aligongomea orodha kwenye mlango wa ofisi, majina ya wasichana wote wa shule zote tatu, yamechanganywa na kupangwa kwa herufi. Nikaenda kulitafuta lako. Nikaliona, Malita Chengula, Kilolo. Nikafurahi. Halafu chini yake kidogo nikaona Malita Mwaisaka, Mbeya. Huyo naye ni wewe.

Ili uelewe lazima nikueleze namna tunavyoishi kazini. Kila asubuhi mnyapara anaita majina. Usipoitika, siku yako imepotea hata ukifika dakika moja baadaye. Kwa hiyo tunaitikiana. Ukiwa na homa, au umeenda kumzika mtu, mwenzako anaitika jina lako kwa sauti nyingine na siku inaandikwa. Hakuna anayeomba ruhusa. Unaitika, jioni unamwambia mwenye jina, "Leo nilikuwa wewe," mnacheka, imekwisha. Mimi nimekuwa Asegelile mara nyingi, naye amekuwa mimi. Wakati ule nilipolala wiki nzima na kichomi yeye aliitika siku zote sita, na jioni alikuwa akikaa mlangoni kwangu akisema, "Mhehe, leo nimekuchokea. Una jina zito."

Sasa kumbuka likizo ya mwezi wa sita, mwaka jana, ulipokuja kunitembelea, ukalala kitanda kimoja na Tumpe, binti wa Asegelile. Wakati ule ulikuwa umeshafanya mtihani wa misheni. Nilikupeleka pamoja na Tumpe kufanya ule wa shule ya serikali hapa Mbeya, nikakuambia ni wa kujipima tu. Haikuwa kweli. Niliogopa. Nilijisemea, misheni wakimkataa atarudi kushika jembe kama mimi, afadhali awe na milango miwili. Lakini shule ya hapa inachukua watoto wa watu wanaolipa kodi upande huu, na stakabadhi yangu ni ya Iringa. Asegelile alikuwa Tukuyu kumzika kaka yake. Karani aliniuliza jina la baba wa mtoto. Nikasema Asegelile Mwaisaka.

Yaani niliitika. Ndivyo nilivyoona siku ile, naapa. Niliona ni kama asubuhi yoyote mbele ya mnyapara, na kwamba jioni nitamwambia.

Aliporudi kutoka msibani alikuwa amekonda, nikaahirisha. Siku zikapita, nikaahirisha tena. Halafu ikaja barua kwa jina lake kutoka shule ile. Unajua Asegelile hasomi. Kwa miaka sita barua zote za nyumba hii nazisoma mimi, na kwa hiyo nanyoosha kifua kidogo humu ndani, mgeni mwenye darasa la pili. Barua ilisema binti yake Malita amepata nafasi. Nikaikunja nikaiweka chini ya nguo zangu sandukuni. Wiki ile ile ikaja ya misheni kwako Kilolo. Ukawa na nafasi mbili, na nikafikiri nitachagua iliyo nzuri, ile nyingine nitairudisha kimya kimya.

Jambo ambalo sikulijua ni hili. Kwenye shule ya hapa, kila mlipa kodi hupewa nafasi moja tu. Tumpe alifaulu. Alifaulu kukuzidi, nimeambiwa, lakini jina lako lilitangulia kwenye orodha yao. Asegelile alikwenda ofisini kuuliza mbona hakuna habari, na karani akamwambia nyumba yake imeshapata mtoto. Akarudi amechanganyikiwa, akaketi hapa ninapoandikia, akaniambia, "Wewe unayesoma, nieleze. Wanasema nina mtoto shuleni. Mtoto gani? Nimewaambia karani ni mwongo, wamenitoa nje."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nikasema, "Makarani huchanganya."

Tumpe sasa anauza maandazi sokoni na mama yake. Kila asubuhi hunisalimia kwa kupiga magoti kidogo, kama alivyofundishwa. Kitanda cha Malita Mwaisaka kipo pale Nyololo, kimetandikwa, hakina mtu. Nilifikiri shule zikiunganishwa watakiona kiko kimoja zaidi. Hawakuona. Waliunganisha orodha kama walivyounganisha kengele.

Nimeandika mpaka hapa na jua limeanza kushuka. Nilitaka kumalizia kwa kukuambia ufike, ukamwambie mwalimu mkuu habari hii wewe mwenyewe, kwa sababu mimi niko mbali. Nimeisoma hiyo sentensi, nikaifuta. Utaona mahali nilipokwaruza. Inanuka kama ile "shule imefungwa" yangu.

Asegelile yuko uani, anachonga mpini. Nakwenda kwake. Nitaendelea nikirudi.

*

Nimerudi.

Nilimkuta amekaa juu ya gogo, mama Tumpe anamenya ndizi, Tumpe anafua. Akanitania kama kawaida, ule utani wa Wahehe na mbwa, akaniuliza mbwa wa jirani ametoroka au nimeshamla. Sikumrudishia utani wa watu wa kwao na ndizi zao kama ninavyomjibu siku zote. Akaona.

Nikasema, "Asegelile, mwaka jana ilikuja barua ya shule kwa jina lako. Niliisoma nikaificha."

"Ilisema nini?"

"Kwamba binti yako amepata nafasi."

Mama Tumpe aliacha kumenya. Asegelile akauliza, "Tumpe?"

"Malita."

Aliendelea kuchonga. Nikamweleza yote, na yeye anachonga tu, mpaka mpini ule ukawa mwembamba, haufai tena kwa kazi yoyote. Halafu akasema, "Kwa hiyo nyumba yangu ilikuwa na mtoto kweli. Na mimi nilimwita yule karani mwongo mbele ya watu."

Akauweka mpini chini, akaniangalia.

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Mimi nilipokuitikia wiki ile ya kichomi, nilikuuliza?"

"Hukuniuliza."

"Lakini jioni nilikuambia."

"Uliniambia."

"Basi," akasema. "Jina ungechukua. Ningekupa hata na koti. Lakini jioni hukuniambia, Luka, na jioni zimepita ngapi."

Miaka sita ananiita Mhehe. Leo ameniita Luka, na sikufurahi.

Akataka ile barua. Nikaileta. Nilikuwa nimeshaifungua kumsomea, kama mazoea, akanyoosha mkono akaichukua, akampa Tumpe. "Atasoma mwenyewe," akasema. Tumpe alijipangusa povu la sabuni akaisoma kwa sauti, bila kusita popote, barua ndefu, na maneno mengine mimi mwaka jana niliyaruka kwa sababu sikuyajua. Mojawapo lilikuwa lile la nafasi moja kwa kila nyumba. Lilikuwepo, mwanangu. Lilikuwa limeandikwa pale pale, kwenye mstari niliouruka. Siku zote nimejiambia kwamba sikujua, na kumbe nilikuwa nalo sandukuni.

Tumpe alipomaliza aliniuliza jambo moja tu. "Malita anajua?"

Nikamwambia hajui. Akaikunja barua kwa mikunjo yake ile ile akarudi kwenye nguo zake.

Mama Tumpe ndiye aliyesema maneno makali, na sitayaandika, ila ni haki yake. Chakula kililetwa. Siku zote mimi na Asegelile tunakula sahani moja. Leo zimeletwa mbili. Tulikula kila mtu na yake, tumeelekea upande mmoja.

Alipomaliza kula alisema, "Majina huko chuoni wanaita lini?"

"Ijumaa asubuhi."

"Basi tunakwenda."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Alhamisi tutapanda lori, yeye na Tumpe na mimi. Ruhusa hatutaomba, kwa sababu mnyapara hawezi kuwapa watu wawili kwa pamoja wiki hii ambayo Bwana Shauri wa wilaya anakuja kukagua barabara. Asubuhi ya Ijumaa mnyapara ataita Luka Chengula, ataita Asegelile Mwaisaka, na kwa mara ya kwanza hakutakuwa na mtu wa kutuitikia. Labda tukirudi tutakuta nafasi zetu zina watu. Nilimwambia abaki, niende peke yangu na Tumpe. Akasema, "Nikuache uende ukaseme tena wewe ni mimi?" Sijui kama ilikuwa utani. Hakucheka.

Sasa, Malita, nisikilize, kwa sababu hapa ndipo sijui kitu.

Sijui watafanya nini. Huenda mwalimu mkuu atafuta lile jina moja akaandika Tumpe Mwaisaka mahali pake, na mkalala vitanda vya jirani. Huenda atasema baba aliyedanganya mara moja amedanganya mara mbili, akafuta yote mawili, nawe ukarudi Kilolo na sanduku lako kwa sababu yangu. Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Nimelipima upande huu na upande ule kama mtu aliyebeba karai bila kujua pa kulimwaga. Kama ningenyamaza, wewe ungekaa salama, na kitanda kile kingekaa kitupu mpaka wampe mtu asiyejulikana, na Tumpe angeendelea kunipigia magoti kila asubuhi. Hilo la kupigiwa magoti limenishinda.

Huenda utanikasirikia. Una haki. Sikuombi unielewe, maana hata mimi sijielewi vizuri. Nilikuwa nakutafutia milango miwili, na mmoja ulikuwa wa mtu mwingine. Nilipoambiwa shule tatu zimekuwa moja nilijua tu kwamba siku moja milango hiyo itakutana kwenye ukuta mmoja, nikaendelea kuvunja kokoto.

Wakikufuta, nakuomba jambo moja. Usirudi nyumbani ukasema chuo kimefungwa, hata kwa bibi yako, hata kwa watoto wa jirani. Sema baba yangu aliandika uongo. Ni maneno machache, utayasema mara moja, yatakwisha. Mimi yale mengine nimeyabeba tangu nina miaka kumi na miwili, na baba yangu amelala kaburini akiwalaumu watu wasio na kosa.

Na kama hawakukufuta, kutakuwa na siku darasa litakucheka. Wasichana wa Mbeya watakucheka unavyosema, wewe mtoto wa Kilolo. Kaa. Sina la kukufundisha zaidi ya hilo, kwa sababu zaidi ya hapo sikufika.

Salumu amekuja kuchukua barua, namwambia asubiri.

Ijumaa watawapanga mbele ya lile jiko lenye kengele tatu. Sijui watagonga ipi. Utatuona, tutakuwa tumesimama upande wa kokoto zetu, wanaume wawili na msichana mwenye gauni la bluu. Usitukimbilie. Wakiita Malita Chengula, itika kwa sauti, hilo ni lako. Wakiita Malita Mwaisaka, usiitike wala usigeuke. Hilo nitaitika mimi.

Baba yako,
Luka Chengula